Acheni kung'oa feni za injini

Najua niliahidi sehemu ya pili ya yale makala ya hifadhidata, lakini kuna jambo limenikaa kooni wiki mbili sasa na lazima nilitoe. Leo hakuna msimbo hata mstari mmoja. Leo ni magari ya zamani, na ndani ya magari ya zamani ni kitu kimoja tu: feni inayopoza maji ya injini. Wale mnaokuja hapa kwa ajili ya tarakilishi, msikimbie. Ubishi huu ni ule ule wetu wa kila siku, umevaa ovaroli tu.

Jumamosi nikipata nafasi huwa nashinda gerejini na jamaa wenye magari ya enzi za wazee wetu: Peugeot 504, Land Rover Series III, Datsun 1200 na kadhalika. Karibu kila gari lenye rejeta limeng'olewa feni yake ya asili. Mahali pake pamefungwa feni ya umeme iliyotolewa kwenye gari la Kijapani lililokatwakatwa, ikanunuliwa Kirinyaga Road, ikashikizwa kwa waya na maombi. Muulize mwenye gari kwa nini, jibu ni moja: "Ilikuwa inachemsha." Muulize kama sasa imeacha kuchemsha, anaangalia kando.

Msimamo wangu nauweka mapema ili anayetaka kukasirika aanze sasa. Kwa gari la zamani ambalo injini yake imelala kwa urefu, feni inayozungushwa na injini ndiyo inayofaa, na fundi anayekuambia uitoe ili gari lisichemshe amekuuzia panadoli ya mguu uliovunjika.

Kwa wasiojua tunazungumzia nini: feni ya asili imefungwa mbele ya pampu ya maji. Mkanda mmoja unatoka kwenye puli ya chini ya injini na kuzungusha pampu, feni, na dainamo au altaneta, vyote kwa pamoja. Injini ikizunguka, feni inazunguka. Hakuna swichi, hakuna sensa, hakuna fyuzi, hakuna waya. Feni ya umeme ina mota yake yenyewe. Inakaa imelala mpaka sensa iseme maji yamepata moto (au mpaka dereva akumbuke kubonyeza swichi, na hapo ndipo vioja vinapoanza).

Hoja kubwa ya washabiki wa umeme ni hii: feni ya injini inafanya kazi kinyume. Kwenye msongamano, unapoihitaji, injini inazunguka polepole na feni nayo inazubaa. Kwenye barabara kuu, upepo wa mwendo unapotosha kabisa, feni inazunguka kama wazimu na kula nguvu bure. Hoja hii si ya kijinga. Nguvu inayoliwa na feni hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi yake, yaani ukizidisha mizunguko mara mbili, feni inakula nguvu mara nane. Kutoka Nairobi hadi Voi kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa, feni ya aina hii haikusaidii lolote ila kelele. Hapo nakubali bila kinyongo.

Lakini hiyo nusu ya kwanza, ya msongamano, imerudiwa sana bila mtu kuipima. Injini ikiwa imesimama kwenye Mombasa Road, haivuti kitu, inachoma petroli kidogo sana, na kwa hiyo inatoa joto kidogo. Feni polepole, joto dogo. Gari lenye rejeta safi, kava ya feni mahali pake (ile bati au plastiki inayozunguka feni ili hewa ivutwe kupitia rejeta nzima) na mkanda uliokazwa vizuri halina haja ya kuchemka hapo. Ndivyo lilivyoundwa. Waliolichora hawakuwa na kompyuta lakini hawakuwa wapumbavu.

Sasa tazama mahali ambapo injini inatoa joto kweli kweli. Umepakia abiria saba na magunia mawili, unapanda ukingo wa Bonde la Ufa kutoka Mai Mahiu nyuma ya lori, gia ya pili, kilomita 30 kwa saa. Upepo wa mwendo hakuna. Injini iko mizunguko 3,000 kwa dakika na imekanyagwa. Feni ya injini nayo iko juu kabisa, inavuta hewa kwa nguvu zake zote, wala hakuna aliyeiambia. Joto limepanda, feni imepanda. Feni ya umeme pale ina kasi moja tu, ile ile ya msongamano. Kama ilitolewa kwenye kigari cha sisi 1,000 na sasa imefungwa kwenye injini ya 504 ya sisi 1,971, unaona mwenyewe hesabu inavyokataa.

Na sisi wa huku juu tuna kodi nyingine ya kulipa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Mombasa, kwa hiyo feni ile ile inasukuma hewa yenye uzito mdogo zaidi. Maji kwenye sufuria huchemka karibu na nyuzi 94 badala ya 100. Kifuniko cha rejeta kikiwa kizima kinaongeza shinikizo na kusogeza kiwango hicho juu. Kikiwa kimechoka, huna akiba. Tazama vifuniko vya rejeta vya magari yetu halafu uniambie vingapi raba yake haijakatika.

Tuje kwenye umeme wenyewe, maana hapa ndipo hasira zangu zinapoishi.

Land Rover za Series IIA, Morris Minor na magari mengi ya Kiingereza ya wakati huo yalitoka na dainamo ya Lucas aina ya C40, ambayo kiwango chake cha juu ni ampea 22. Ni cha juu, yaani injini ikizunguka vizuri. Taa kubwa mbili zinakula kama 8. Koili ya kuwasha, taa za nyuma, dashibodi na waipa mvua ikinyesha, umeshafika 15 au zaidi. Feni ya umeme yenye maana inataka 10 na kuendelea, na inapoanza kuzunguka inavuta mara kadhaa ya hapo kwa muda mfupi. Hata kwenye barabara nzuri umeshakula akiba yote.

Sasa injini iteremke hadi mwendo wa kusimama. Dainamo kwa mizunguko hiyo haitoi kitu cha maana, ndiyo sababu ile taa nyekundu humulika kwenye msongamano. Kwa hiyo feni ya umeme unaihitaji zaidi pale pale ambapo mashine ya kuzalisha umeme imelala. Unaendesha feni kwa betri. Saa moja ya msongamano wa jioni, taa zikiwaka, na betri ile ndiyo itakayotakiwa kuwasha injini kesho asubuhi. Watu wanabadilisha betri kila mwaka na kulaumu Wachina.

Utaniambia weka altaneta. Sawa, weka. Lakini basi tuhesabu kwa uaminifu: umebadilisha feni, ukabadilisha altaneta, ukaongeza waya mnene, relei na fyuzi, ili kufanya kazi iliyokuwa ikifanywa na kipande cha bati na boliti nne. Na nguvu haikutoka mbinguni. Ni mkanda ule ule unaozungusha altaneta, altaneta inapoteza sehemu kwa joto, mota inapoteza nyingine, ndipo bawa linazunguka. Feni ya umeme inaokoa nguvu kwa sababu moja tu, kwamba muda mwingi imezimwa. Ile ya jamaa yangu mmoja yenye swichi ya mkono huwashwa Westlands na kuzimwa Nakuru, kwa hiyo hata hilo hapati.

Tena si kwamba hatuna ushahidi wa nini hutokea ukioanisha feni ya umeme na umeme dhaifu. Jaguar E-Type, gari ambalo watu hulilia machozi kwa uzuri, lilitoka mwaka 1961 likiwa na feni ya umeme inayowashwa na sensa, pamoja na dainamo. Sifa yake ya kuchemka kwenye msongamano imedumu hadi leo. Lilipopata injini ya lita 4.2 mwaka 1964 likapewa altaneta, na Series 2 ikapewa feni mbili. Hao ni Jaguar, wenye wahandisi na maabara. Wewe una mkasi na gundi ya umeme.

Jambo kubwa zaidi kwangu, kama mtu ninayelipwa kutafuta hitilafu, ni namna kitu kinavyokufa. Wenzangu wa programu mnajua: hitilafu inayoangusha seva saa nane mchana watu wote wakiona si mbaya sana. Mbaya ni ile inayokaa kimya miezi mitatu ikiharibu rekodi.

Mkanda wa feni ya injini ukikatika, taa nyekundu ya chaji inawaka papo hapo, kwa sababu mkanda huo huo ndio unaozungusha dainamo. Unasimama. Beringi ya pampu ikichoka, inapiga kelele wiki nzima kabla haijafa. Volkswagen Beetle, ambayo haina maji kabisa, iliipeleka akili hii mbali zaidi: feni yake imefungwa kwenye shafti ya dainamo. Haiwezekani feni ife kwa kukatika mkanda bila taa kukuambia. Gari hilo lilishinda Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, katika vumbi na matope, bila feni ya umeme.

Feni ya umeme ikifa haisemi. Mota imekula brashi zake kwa vumbi, au waya umelegea, au fyuzi imekatika, au sensa imegoma, na wewe unaendesha ukiimba. Kitu pekee kitakachokuambia ni mshale wa joto, ambao kwenye magari haya nusu haufanyi kazi. Hata ukifanya kazi, maji yakishapungua ile sensa ya mshale inabaki hewani, na mshale unaweza kushuka injini ikiwa inaungua. Umewahi kuona mtu akishangilia kwamba gari limepoa, dakika mbili kabla halijagoma?

Mjomba wangu ana 504 ya familia, ile ndefu yenye viti vya safu tatu, ya petroli. Zamani ndugu zake waliitwa tu "Peugeot" na kubeba nusu ya Kenya kwenda mashambani. Miaka michache iliyopita ilianza kupanda joto. Gereji moja ya mjini (siitaji jina, wapo wengi kama wao) iliondoa feni ya asili, ikaweka ya umeme mbele ya rejeta, na kuichomeka kwenye swichi ndogo chini ya usukani. Hakuna relei. Umeme wote wa mota unapita kwenye kijiswichi cha taa ya ndani. Feni yenyewe ilishikizwa kwa zile nyuzi za plastiki zinazotobolewa katikati ya mapezi ya rejeta. Kila mtikisiko wa barabara plastiki inasugua mrija wa maji. Mtu aliyesomea kazi hii alifanya hivyo, akaandika risiti.

Desemba tukaenda nyumbani. Usiku, magari yamefuatana kama siafu, tunapanda Salgaa mguu kwa mguu. Swichi ikayeyuka ndani kwa ndani. Haikutoa moshi wala sauti, feni ilisimama tu. Mjomba macho yako kwenye taa za lori la mbele, kama dereva yeyote mwenye akili usiku mahali pale. Tulijua mvuke ulipofunika kioo. Silinda hedi ya 504 ni ya aluminiamu, na aluminiamu ikipikwa inajikunja. Hedi ikachongwa, gasketi mpya, na mjomba akalipa pesa ambazo angenunulia ng'ombe wa maziwa. Gereji ilisema injini ilikuwa imechoka.

Alipoifungua fundi mwingine, Nakuru, alitoa rejeta kwanza akaikata juu. Mirija ya pembeni yote ilikuwa imeziba kwa kutu na chokaa, matokeo ya miaka ya maji ya bomba bila dawa ya kuzuia kutu. Thamostati haikuwepo kabisa, iliondolewa zamani na mtu aliyedhani inazuia maji bure. Hapo ndipo penye ugonjwa. Ungeweka feni ya ndege pale na gari lingechemka vile vile, maana maji hayapiti mahali hewa inapopita.

Kinachoniuma zaidi katika kisa hicho ni feni waliyoitupa. Peugeot walishamaliza ubishi huu kabla baba yangu hajaanza shule. 404 ya mwaka 1960, na 504 iliyofuata mwaka 1968, zilikuwa na feni inayozungushwa na mkanda, lakini ndani yake kuna klachi ya sumaku-umeme. Maji yakiwa ya wastani, puli inazunguka peke yake na feni inaachwa izubae. Yakipata moto, sensa iliyo kwenye rejeta inapeleka umeme kidogo kwenye sumaku, feni inashikana na puli na kuanza kazi kwa nguvu za injini. Sumaku tu ndiyo inayokula umeme, hakuna mota ya kulisha. Nguvu haipotei barabarani na haipungui mlimani. 404 ilishinda Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na 504 mwaka 1975 na 1978.

Kweli, feni hiyo nayo inaweza kufa kimya. Ya mjomba ilikufa hivyo, kwa sababu ya kipande cha kaboni kinachopeleka umeme kwenye sumaku, kitu kisichozidi ncha ya kidole, ambacho kilikuwa kimekwisha. Tofauti ni kwamba fundi anayeijua anaweza kuikaza kando ya barabara ishikane na puli muda wote, ukafika nyumbani na feni ya kawaida ya injini. Gereji ile ya mjini haikutafuta kaboni. Iliitazama, ikaona kitu isichokijua, ikakiita cha kizamani.

Neno hilo "kizamani" ndilo linaloendesha biashara hii yote. Feni ya umeme haikuenea duniani kwa kuwa ilishinda ile ya injini kwenye mlima. Ilienea zaidi kwa sababu injini zilipinduliwa. Magari kama Fiat 128 ya mwaka 1969 yalilaza injini kwa upana ili kuendesha magurudumu ya mbele, na puli ya injini ikawa inatazama pembeni badala ya kutazama rejeta. Pale mota ya umeme ndiyo njia rahisi, na mimi siipingi. Pia inapunguza petroli na kelele. Lakini Land Cruiser za 70 zenye injini ya 1HZ, zile zinazobeba madaktari na watalii hadi Turkana, zina feni ya injini yenye klachi ya mafuta mazito. Malori mengi yanayokupita Kinungi yanayo ya injini pia. Ukisikia lori likinguruma ghafla mlimani kama lina ndege ndani, ni klachi ya feni imeshika. Hao nao ni wa kizamani?

Kuna mahali feni ya umeme inanishinda hoja, niseme ukweli. Ukivuka mto wenye kina, feni ya injini inarusha maji kwenye waya za plagi, au mabawa yanapinda na kula rejeta, ndiyo sababu wenye Land Rover hulegeza mkanda kwanza. Na ukizima gari la kabureta kwenye jua la Garissa, joto linabaki chini ya boneti na petroli inageuka mvuke kwenye mirija. Feni ya umeme inaweza kuendelea kupuliza kidogo. Hizo ni sababu halisi, na anayeishi nazo ana haki yake.

Basi kama umeshikilia kubadilisha, badilisha kama mtu mzima. Kwanza rejeta ioshwe au ifanywe upya, thamostati irudi, kifuniko kipya, maji yenye dawa. Ukimaliza hayo, endesha mwezi mzima na feni ya zamani. Wengi wenu mtaishia hapo na pesa zenu mfukoni. Bado? Altaneta kwanza, feni baadaye. Feni ikae nyuma ya rejeta ikivuta, si mbele ikiziba upepo, na iwe na kava inayofunika rejeta nzima. Ishikwe kwa vyuma vilivyofungwa kwenye fremu. Relei, fyuzi, waya mnene, sensa ya kuiwasha yenyewe. Na tafadhali, taa ndogo kwenye dashibodi inayochukua umeme wake pale kwenye mota, baada ya relei na fyuzi. Taa iliyounganishwa kwenye swichi inakuambia tu kwamba wewe ulibonyeza. Joto likipanda taa ikiwa imezimwa, simama. Ile ya kwenye mota haitakuambia kama brashi zimekwisha, lakini relei na fyuzi itazisema.

Feni ya asili usiitupe wala usimwachie fundi. Iweke nyumbani, na boliti zake nne kwenye chupa.

Mjomba bado anatafuta kaboni ya feni ya 504 ambayo haijatumika. Tumeshazunguka Kirinyaga Road yote na Industrial Area, na tumeambiwa mara tisa tununue feni ya umeme. Mwenye habari aandike hapo chini. Hifadhidata ni wiki ijayo, naapa.